Ndoa ya jinsia moja na kibali cha ukaazi Ulaya: anzeni kwa kuuliza mko chini ya sheria ipi

Wenzi wengi huanza kwa kutafuta pa kufungia ndoa. Kuna swali linalotangulia: yule mwenye uraia wa Umoja wa Ulaya anaishi nchini kwake, au katika nchi nyingine ya Umoja? Jibu ndilo linaloamua sheria itakayowahusu.

Tuseme ni Mjerumani na Mtanzania. Mjerumani akifanya kazi Ubelgiji, wanaangukia Agizo la 2004/38 la Umoja wa Ulaya, sheria inayowahusu raia wanaohamia nchi nyingine ya Umoja pamoja na familia zao. Mume au mke wake hupewa viza bila ada, na ubalozi unatakiwa kuishughulikia haraka. Mtihani wa lugha hautakiwi. Wakikaa zaidi ya miezi 3, mwenzi anaomba kadi ya ukaazi. Mamlaka ina miezi 6 ya kuitoa, na kadi hudumu miaka 5. Baada ya miaka 5 ya kuishi hapo kihalali anapata haki ya ukaazi wa kudumu.

Maombi haya hukwama zaidi kwa upande wa raia wa Ulaya mwenyewe. Lazima awe ameajiriwa, amejiajiri, anasoma, au ana fedha za kutosha. Mwanafunzi na asiyefanya kazi waoneshe pia bima ya afya kwa wote wawili. Haki ya mwenzi inatokana na ya kwake, kwa hiyo ya kwake ikipungua, ya mwenzi nayo inaanguka.

Mjerumani huyohuyo akiishi Ujerumani, Agizo haliwahusu. Ni sheria ya nchi: viza ya kitaifa, ambayo mume au mke wa Mjerumani halipii ada, na kwa kawaida cheti cha Kijerumani cha A1, ngazi ya mwanzo kabisa, kabla ya kusafiri. Anza masomo mapema, usisubiri siku ya miadi.

Ipo njia ya kati. Wenzi wakiishi kweli pamoja katika nchi nyingine ya Umoja kwa zaidi ya miezi 3, kisha wakarudi katika nchi ya yule raia, masharti ya Agizo hutumika kwao kwa mlinganisho. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililieleza hilo mwaka 2014, ikasema pia kwamba safari za wikendi na likizo hazihesabiki. Tunzeni mkataba wa nyumba wenye majina yenu wote wawili, hati za mshahara na usajili wa anwani.

Kuhusu ndoa yenyewe, msajili Ujerumani huomba cheti cha nchi yako kwamba huna kizuizi cha kuoa au kuolewa. Kukiomba kwenye ubalozi wa nyumbani kunaweza kukuweka hatarini. Hulazimiki: kifungu cha 1309, fungu la 3, cha Sheria ya Kiraia ya Ujerumani kinawaondolea sharti hilo wanaofunga ndoa ya jinsia moja ikiwa nchi yao haina ndoa hiyo. Kichapishe uende nacho. Bado utahitaji cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa useja. Mara nyingi huwa ni hati ya kiapo, na haina haja ya kumtaja mwenzako. Vyote vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa.

Denmark ni nyepesi zaidi kwa wageni: mamlaka ya sheria ya familia hukagua nyaraka na kutoa cheti kinachodumu miezi 4, mkafunge ndoa manispaa. Wote wawili muwe nchini kihalali siku hiyo. Ndoa hiyo pekee haitoi kibali cha kuishi Denmark.

Kama mnaweza kuchagua, fungeni ndoa kamili. Ubia uliosajiliwa, kama ule wa Italia wa tangu 2016, unahesabika chini ya Agizo pale tu nchi mnayohamia inapoulinganisha na ndoa. Ndoa ina kinga kubwa: hukumu ya Coman ya mahakama hiyohiyo ya Umoja, ya tarehe 5 Juni 2018, dhidi ya Romania, iliamua kwamba neno "mwenzi wa ndoa" linawahusu wa jinsia moja pia, hata katika nchi isiyofungisha ndoa hizo.

Jambo la mwisho, na tunalisisitiza: usibadili jina la ukoo. Jina jipya litadai pasipoti mpya, na pasipoti itadai cheti cha ndoa mbele ya ofisa wa ubalozi wako. Kwa wengine hiyo ni hatari: sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga, kwa mfano, inaadhibu hata kufunga ndoa ya namna hii.