Rejeta ya hita ikivuja, iruke kwanza
Ukiona kapeti ya upande wa abiria imelowa, kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafuta mafuta na ndani ya gari kunanukia utamutamu, usikimbilie kulaumu AC. Mara nyingi ni rejeta ndogo ya hita, ile iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Kuibadilisha kwa kawaida ni kufumua dashibodi, na huku Dodoma wengi hatuikumbuki hita mpaka baridi ya Juni na Julai. Kwa hiyo unaweza kuiruka kwanza, yaani kulanti (kimiminika cha kupoza injini) izunguke bila kupita kwenye hita.

Injini ikiwa imepoa kabisa (mfuniko wa rejeta yenye moto utakuunguza uso), tafuta mipira miwili (mabomba ya mpira) inayopenya ukuta wa injini kuingia ndani. Ichomoe kwenye hita, kisha iunganishe yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba la shaba kinachoenea sawasawa, na klempu kila upande. Bomba la plastiki la maji ya nyumbani halifai, joto litalilainisha. Wapo wanaoziba kila mpira kwa bolti. Mimi sishauri, maana baadhi ya injini zinategemea mzunguko huo ili themostati (vali inayodhibiti joto la injini) ifanye kazi vizuri.

Jaza kulanti. Maji ya kisima ya huku yana chumvi, yatakula na rejeta kubwa. Toa hewa kwenye mfumo wa kupoza, washa injini mpaka ipate moto, kagua viungo, na angalia geji ya joto vizuri kabla ya kushika njia ya Manyoni. Kioo kikishika ukungu asubuhi, washa AC ikikaushe.