LinkedIn ukiwa nje: anza na uliosoma nao Dodoma

Wengi tulifungua LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, siku mtu alipotuambia huku kazi zinapatikana humo, tukaweka picha ya joho, tukaandika natafuta kazi, basi tukakaa kusubiri. Mimi nilisubiri karibu mwaka nikiwa Manchester, kila jioni nabonyeza kutuma maombi mpaka kidole kinauma, majibu hamna, na yakija ni yale ya kompyuta ya tunasikitika kukujulisha.

Kilichonisaidia kilikuwepo muda wote. Ingia ukurasa wa chuo chako, mfano UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kuna sehemu inaonyesha waliosoma pale, unaweza kuwachuja kwa wanapoishi, wanapofanya kazi na walichosomea, na ni bure. Niliweka Uingereza wakatokea watu ambao sikujua kama wapo, mmoja alikuwa CIVE, koleji ya kompyuta ya UDOM, kanitangulia miaka miwili tu, kumbe hata Ng'ong'ona karibu na chuo tulipanga nyumba za jirani, na huku tunakaa umbali wa nusu saa kwa treni! UDOM ilianza 2007 kwahiyo usitegemee kukuta wazee wenye vyeo, wengi ni rika letu, na mi naona hiyo ndo faida, aliyepita njia yako juzijuzi bado anakumbuka mashimo yako wapi. Waliosoma vyuo vingine vya Dodoma, Mipango, CBE au St. John's, fanyeni hivyohivyo.

Sasa meseji, hapa ndo tunapoharibu. Tukimuona mtu wa nyumbani tunaanza "kaka nisaidie kazi", yeye mwenyewe hana kazi ya kugawa, anaishia kujifanya hajaona. Muulize kitu kidogo anachoweza kujibu akiwa kwenye basi. Mimi niliandika hivi: "Habari kaka, mimi mdogo wako wa CIVE. Nimeona ulikuwa unatengeneza kompyuta ofisini, sasa uko kwenye data. Ulianza na cheti au ulijifunzia kazini? Hata mistari miwili inatosha." Akaunti ya bure haikupi nafasi ya kuandika gazeti kwenye ombi la kwanza, na afadhali. Akijibu shukuru, kafanye alichokwambia, halafu baada ya wiki mbili tatu rudi umwambie imekuwaje. Kurudi huko wengi hatufanyi, tunapata jibu tunapotea, tunaibuka tena tukiwa na shida. Yule kaka mimi nilimrudia mara tatu, mara ya nne ndo yeye akanitafuta, kuna nafasi kwao.

Kwenye profaili, ule mstari chini ya jina andika unachofanya, hata kama kwa sasa unapanga maboksi stoo andika fani yako na kitu ulichowahi kutengeneza.

Na kuna matapeli. Mtu akikwambia ana kazi ya Uingereza yenye viza ila utangulize hela, jua hamna kitu, waajiri wenye leseni ya kuleta wafanyakazi serikali ya kule inawaorodhesha wazi mtandaoni, katafute jina la kampuni kwanza ndo uongee. Jamaa yangu wa Area D, Dodoma, alishaliwa hela hivyo.

Kama unawaza kurudi, kazi za serikali zinapita Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, LinkedIn haitakufikisha Mtumba kwenye ofisi za wizara, na cheti cha chuo cha nje kianze mapema kutambuliwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Ila kwa miradi na mashirika LinkedIn inakuonyesha nani yuko wapi. Kumjua huko sawa, lakini mtu wa Dodoma humo anaingia mara moja kwa mwezi, omba namba muhamie WhatsApp, na uangalie saa, saa tatu asubuhi ya Dodoma Uingereza wakati wa baridi ni saa kumi na mbili, inabidi uamke. Ukishuka likizo usimpelekee CV ofisini, mwalike kuku pale Chako ni Chako, CV atakuomba mwenyewe mkiwa mnanawa mikono.