Lehemu kwanza, kito baadaye
Fundi anayetengeneza kidani cha fedha ya 925 (yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha halisi) chenye umbo la jani la mti wa mkungu, na kukipamba kwa tsavoraiti, kito cha kijani, ya Taita Taveta, akamilishe kulehemu, kusafisha kwa asidi na kupiga tupa kabla ya kupachika kito, kwa kuwa joto la ghafla laweza kukipasua. Tanzanaiti, kito cha buluu kutoka Mererani nchini Tanzania, kwa hakika, huhitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mishipa ya jani ichorwe fedha ikiwa imekwisha kulainishwa kwa moto. Kwa sababu hewa ya Mombasa ina unyevunyevu mwingi, pambo lililokamilika lihifadhiwe katika mfuko uliofungwa vizuri, mbali na mpira na sufu, ambavyo salfa yake huifanya fedha iwe nyeusi. Kitambaa safi cha pamba kinafaa kulifungia.