Nilisema "nina kisukari" kaunta, nikapigwa faini: mwongozo wa kolesteroli na statini kwa tulio England

Naanza na jambo lenyewe, maana najua wengi wenu mtasoma aya mbili mrudi WhatsApp. Kama unaishi England, una kisukari aina ya pili, na unakidhibiti kwa chakula tu bila kidonge wala sindano, usiseme "nina kisukari" unapoulizwa famasi kama unalipia dawa. Sema "nalipia", utoe hela yako, uende. Mimi nilisema nina kisukari, na kauli hiyo ilinitoa pauni 179 na peni 70.

Mimi ni dereva wa basi, si daktari. Mtu wa Tanga, miaka 54, na huu ni mwaka wa 17 niko Leicester. Ya dozi muulizeni daktari wenu. Ya kaunta niulizeni mimi.

Kisukari kilipogundulika HbA1c yangu, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, ilikuwa 53, ambayo kwa hesabu ya asilimia tuliyoizoea nyumbani ni 7. Muuguzi akanipa hiari: nianze metformin, kidonge cha sukari, au nijaribu chakula kwanza. Nikachagua chakula, na sitaficha, kiburi kilichangia. Wali nikauacha, chapati nikaziaga, ugali ukabaki wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Baada ya miezi michache nikashuka hadi 46. Nikajipongeza.

Kumbe nilibana wanga nikafungulia mafuta. Mtu wa pwani ukimnyima wali anatafuta pa kufidia, na mimi nilifidia kwa samaki wa kupaka aliyeogelea kwenye tui zito, mishikaki yenye mafuta yake, na mayai ya kukaanga kwa samli kila asubuhi kwa sababu "mayai hayana sukari". Kweli hayana. Lakini tui la nazi na samli vina mafuta yale yanayoganda, na hayo ndiyo yanayopandisha lehemu, yaani kolesteroli. Kipimo cha mwaka kikaonyesha kolesteroli yote 6.1, ile njema ya HDL 1.4, kwa hiyo ile inayobaki, wanayoiita non-HDL, ni 4.7. Sukari nzuri, damu ina mafuta. Chakula cha kisukari na chakula cha lehemu ni ndugu, lakini si mapacha. Hili hakuna aliyeniambia, na kipeperushi nilichopewa kilikuwa na picha za viazi vya kuchemsha na brokoli, vitu ambavyo bibi yangu asingevitambua.

Daktari akanipigia simu, dakika saba kwa saa yangu. Wana kikokotoo kinaitwa QRISK, wanaingiza umri, presha, sigara, kisukari, asili yako, hata mtaa unaoishi, kinatoa uwezekano wako wa kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Changu kilitoa asilimia 14. Kuanzia 10 kwenda juu mwongozo wao ni kukupa statini, kidonge cha kushusha kolesteroli: atorvastatini miligramu 20. Akaniuliza kama niko tayari. Nikamwomba wiki sita.

Kwenye wiki hizo nilifanya mawili. La kwanza, nilirekebisha sufuria: tui la kwanza likabaki la Idi, samli ikaondoka, uji wa oti ukaingia asubuhi, maharage, kunde na choroko vikarudi mezani. Kolesteroli ikashuka hadi 5.7. Ni hatua, ila haikutosha.

La pili, nilipiga hesabu bila kutishwa wala kubembelezwa. Asilimia 14 maana yake tuchukue watu 100 kama mimi: 14 watapatwa ndani ya miaka 10, na 86 hawatapatwa, wameze wasimeze. Utafiti uliotoka 2004, unaitwa CARDS, uliwachukua watu 2,838 wa Uingereza na Ireland wenye kisukari aina ya pili ambao mioyo yao ilikuwa bado haijaguswa. Waliopewa atorvastatini walipungukiwa na matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 37. Ukiipeleka kwenye 14 yangu, unapata watu watano hivi kati ya 100 wanaonusurika kwa sababu ya kidonge. Watano. Shemeji yangu aliona ni wachache. Mimi nilimkumbuka baba, aliyelala mzima akaamka upande mmoja umekufa, nikaona watano ni wengi sana.

Na upande wa pili wa mizani? Statini zinaweza kupandisha sukari kidogo. Yangu ilitoka 46 ikawa 47, na daktari akasema faida kwa moyo inazidi hilo. Maumivu ya misuli yapo kweli kwa baadhi ya watu, na yakiwa makali, au mkojo ukibadilika rangi kama chai ya rangi, piga simu siku hiyohiyo. Lakini dada yangu wa Tanga alinitumia sauti ya dakika nne kwamba jirani yao alimeza hivyo vidonge "akaisha miguu". Dada, nakupenda, ila sikiliza. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa SAMSON, uliowachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maudhi. Wakapewa miezi ya statini, miezi ya kidonge kisicho na dawa, na miezi mitupu, kwa kuchanganya na bila kujua kidonge kipi ni kipi. Asilimia 90 ya maudhi waliyoyapata kwenye statini waliyapata pia kwenye kidonge kisicho na kitu. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila mengi yalitoka kwenye hofu ya kumeza. Na ule unga wa mlonge ulionitumia nimeutia kwenye mboga, asante, lakini haujachukua nafasi ya dawa. Kina dada mnaopanga kushika mimba, hili ni lenu: mwambieni daktari mapema, statini huachwa miezi mitatu kabla ya kuanza kujaribu.

Basi nikakubali. Sasa njooni kaunta.

Siku ile nilikuwa na vitu 3 kwenye karatasi moja ya dawa: atorvastatini, kidonge cha presha, na mafuta ya kupaka kwa ajili ya muwasho. Nimevaa sare ya kazi, basi linaningoja baada ya dakika 20. Binti wa kaunta, mpole, akaniuliza, "Unalipia dawa zako?" Mimi kwa kimbelembele cha kueleza nikamjibu, "Nina kisukari." Akatabasamu. "Ah, basi huna haja ya kulipa. Saini hapa." Nikasaini. Nilitoka pale nikiisifu nchi hii kwa sauti.

Sheria yao inasema hivi: mwenye kisukari anasamehewa malipo ya dawa, isipokuwa yule anayetibiwa kwa chakula peke yake. Isipokuwa. Na hata yule anayemeza metformin msamaha wake hauji kwa kuwa mgonjwa, unakuja kwa kuwa na cheti mkononi, kinachoombwa kwa fomu ya FP92A inayosainiwa kwa daktari wako na kinachodumu miaka 5. Bila cheti, hujasamehewa. Daktari anakuita mwenye kisukari, muuguzi anakuita kila mwaka kukukagua miguu, kompyuta ya QRISK inakuhesabu mwenye kisukari ili ikupe statini. Ukifika kwenye kulipa, kisukari chako hakitoshi!

Narudia kwa waliokuwa wanapika: ukisaini, aliyedanganya ni wewe. Si binti wa kaunta, hata kama yeye ndiye aliyekuambia ni bure. Tamko ni lako, jina ni lako, faini ni yako.

Miezi minne baadaye ikaja barua. Haikuwa faini bado, ilikuwa swali: tumekagua, hatuoni cheti chako, tueleze. Nikampigia shemeji wa Luton, mtu wa kujua kila kitu. Akasema barua hizo ni vitisho tu, kama zile za leseni ya televisheni, usizijibu zitachoka. Nikaibandika kwenye friji kwa sumaku ya ndizi. Ikaja ya pili: faini. Wanachukua deni lako wanalizidisha mara 5, kikomo pauni 100, kisha wanadai na deni lenyewe. Vitu 3 kwa pauni 9.90 kila kimoja ni 29.70; mara 5 inapita kikomo, kwa hiyo faini 100, jumla 129.70. Nikaibandika nayo. Siku 28 zikapita, wakaongeza 50. Hapo ndipo nilipoichomoa sumaku.

Nilipopiga simu, mama aliyepokea aliniomba radhi mara sita. Kwa dhati kabisa. Hakupunguza hata peni. Nchi hii ndivyo ilivyo: hakuna mlinzi mlangoni, hakuna anayekukagua kadi ya bima kama kule kwetu, unaaminiwa kwa saini tu, na unadhani ni ulegevu. Kwetu unabishana dirishani yakaisha palepale. Huku wanakuacha upite, wanakutabasamia, na hesabu inakufuata nyumbani kwa bahasha. Shemeji, nakuheshimu, lakini barua ya huku hujibiwa. Ningejibu ile ya kwanza na kulipa deni mapema, nisingefika 179.70.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kihindi kwenye foleni ya famasi, mwenyeji wa Jinja, mmoja wa wale waliofukuzwa na Amin 1972 wakaja kujaa Leicester. Alinisikia nikinung'unika kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiswahili, cha zamani, kizuri: "Bwana, wewe hapana lipa moja-moja. Nunua ya mwaka." Yeye ana zaidi ya 60, dawa zake bure. Anachosema ni cheti cha kulipia kabla: pauni 114.50 kwa mwaka, dawa zote utakazoandikiwa, na wanakubali ulipe kwa awamu 10. Cha miezi mitatu ni 32.05. Ukichukua dawa mbili kila mwezi ni pauni 237.60 kwa mwaka usipokuwa nacho. Kinanunuliwa mtandaoni dakika tano.

Kama dawa yako ni statini peke yake, muulize daktari kama anaweza kukuandikia ya miezi miwili kwa mkupuo, utalipia mara 6 tu. Mlio Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, dawa ni bure kwa wote, mnaweza kutucheka. Mlio kwenye Universal Credit, ile posho ya serikali, someni kikomo cha kipato kabla ya kusaini, maana nao wengi wananaswa palepale.

Binamu mmoja ana akili yake: "Mwombe daktari metformin hata kama huihitaji, upate cheti, na statini iwe bure." Binamu, simezi dawa ya sukari ili niokoe pauni 114. Ila siku daktari akisema chakula kimeshindwa, nitameza bila kiburi, na fomu ya FP92A nitaiomba siku hiyohiyo kabla sijafika famasi.

Taratibu nyingine ni nyepesi. Damu inarudiwa baada ya miezi miwili hadi mitatu, na wanataka ile non-HDL ishuke zaidi ya asilimia 40. Yangu ilitoka 4.7 ya kile kipimo cha mwaka hadi 2.7. Ini nalo linapimwa. Atorvastatini unaimeza saa yoyote, Ramadhani mimi naimeza baada ya futari. Majibu ya nyumbani yakija kwa miligramu, gawanya kolesteroli kwa 38.67 upate namba za huku, kabla hujampigia mtu simu ukilia.

Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua dawa. Binti yuleyule, tabasamu lilelile. "Unalipia dawa zako?" Nikamwambia nina cheti cha kulipia kabla, nikamsomea namba kwenye simu, nikamwomba anionyeshe ni kisanduku gani anachokibonyeza. Akanigeuzia kioo nikasoma, watu watatu nyuma yangu wakiguna. Kisha nikasaini.