SOMO: Droo kuukuu kuwa rafu ya ukutani (soma hatua ya 5 kabla hujauliza)

Wakuu, tangu niweke picha za rafu zangu, swali ni lile lile: "Umezitundikaje?" Nimelijibu hadi vidole vimechoka. Nimeona niandike somo zima, atakayeuliza tena nimuelekeze hapa.

Kabati likifa, droo zake huwa bado nzima. Ni boksi lililokwisha kuungwa, na ukilisimamisha wima mgongo kwa ukuta, umepata rafu.

1. Fungua kishikio. Usikitupe.

2. Chagua droo ya mbao. Ya chipbodi iliyokunywa maji na kuvimba kingo iache, haishiki skrubu.

3. Tikisa pembe. Zikicheza, zifungue, kwangua gundi ya zamani yote, paka mpya ya mbao na ubane kwa kamba usiku kucha. Gundi mpya juu ya kuukuu haishiki, maana haipati mbao ya kuingia.

4. Msasa namba 120, halafu 220. Ila kama ina rangi ya zamani usiyoijua umri, usiiguse kwa msasa mkavu wala moto. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978 tu. Vumbi lake linadhuru ubongo wa watoto. Huna uhakika? Tafuta droo nyingine. Ikiwa safi, paka rangi au vanishi sasa, kabla ya kutundika.

5. Kutundika. Rafu yangu ya kwanza niliipiga skrubu nne kupitia mgongoni. Niliivuta kwa mkono, haikutikisika, nikapanga chupa za viungo. Wiki mbili baadaye, saa nane usiku, kishindo. Niliwasha taa nikakuta skrubu zote nne zipo ukutani, kila moja imevaa kiduara cha plaiwudi shingoni kama sarafu. Boksi chini, vioo vimetapakaa pale pale mwanangu anapopita asubuhi akiwa peku.

Sababu ni hii: mgongo wa rafu ndio ule uliokuwa sakafu ya droo, plaiwudi ya mm 3 au 4 iliyochomekwa tu kwenye mfereji. USIUTEGEMEE KUBEBA.

Kata papi (kipande cha ubao chembamba na kirefu) la unene wa mm 20, urefu sawa na upana wa ndani. Liweke ndani, juu kabisa, ligusane na ubao wa juu na mgongo. Tia gundi, kisha skrubu kutokea ubao wa juu na kutoka kila ubavu. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba, la sivyo papi litapasuka. Skrubu za ukutani zipite kwenye papi hilo.

Ukuta wa tofali: keekee ya mm 8 na plagi ya mm 8 (zile tunazoita fisha). Isukume plagi ipite lipu hadi ikae ndani ya tofali, maana lipu humomonyoka. Piga hesabu kwa mm: unene wa papi 20, mgongo 4, lipu 15, urefu wa plagi 40, jumla 79. Chukua skrubu ya mm 80. Na usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, nyaya hupita wima hapo.

6. Nyoosha kwa pimamaji, kaza, panga vitu.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi sina drili, misumari minne mgongoni si inatosha?
Jibu: Soma hatua ya 5.

Swali: Nimesoma, ila yangu ni ndogo.
Jibu: Yangu nayo ilikuwa ndogo. Azima drili.

Swali: Kaka, kwa nini papi likae juu? Chini si ndiko lingeubeba mzigo?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Rafu haishuki tu, inataka pia kupinduka kuja mbele. Sehemu ya chini inaegemea ukuta, ya juu inavutwa kuachana nao, kwa hiyo mshikio uwe juu. Ndiyo maana droo yenye kina kirefu ni hatari zaidi: mzigo ukikaa mbali na ukuta, unavuta kwa nguvu kubwa. Mimi sivuki kina cha sm 15, na vitu vizito navisogeza nyuma. Ukitaka, ongeza skrubu moja chini ili isichezecheze.

Swali: Somo refu, huna video?
Jibu: Sina.

Swali: Droo yangu ina harufu ya uvundo, imegoma kutoka.
Jibu: Ianike juani siku mbili tatu, kisha paka vanishi ndani nzima ikiwemo mfereji. Harufu hukaa kwenye mbao isiyopakwa kitu.

Swali: Na chupa za kupanga humo, gundi ya lebo mnaitoaje? Nimekwangua hadi kucha zinauma.
Jibu: Loweka kwenye maji ya moto, toa karatasi. Gundi inayobaki ipake mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, subiri nusu saa, sugua kwa kitambaa, osha kwa sabuni.

Swali: Umesema kishikio tusitupe, cha nini?
Jibu: Kifunge kwenye ubao wa chini wa rafu, kwa nje. Kile cha kitufe kinatundika funguo, cha upinde kinabeba taulo la jikoni. Tundu zake za zamani mbele ya droo ziache wazi, mimi napitishia waya wa chaja.