Kupiga CT ya kupangia mionzi kwa mgonjwa wa saratani ya mapafu

CT hii (picha za vipande vya mwili zinazotengenezwa kwa eksirei na kompyuta) si ya kutafuta ugonjwa, maana ugonjwa tayari unajulikana. Ni ramani ya mionzi: mgonjwa atakavyolala leo ndivyo atakavyolala kila siku ya matibabu, pengine mara 30.

Hatua ya 1. Kama ana maumivu au kikohozi, apewe dawa mapema. Kama atachomwa kontrasti (dawa ya kung'arisha picha), angalia mzio na kreatinini (kipimo cha damu cha figo).

Hatua ya 2. Mlaze chali kwenye kitanda bapa kisicho na godoro, sawa na kile cha mashine ya mionzi, mikono juu ya kichwa. Hapa usiharakishe. Mzee akikuambia "naweza, mwanangu", tazama vidole vyake. Vikianza kutetemeka baada ya dakika 2, hawezi. Tegemeza viwiko, au ishushe mikono ubavuni na umjulishe mwanafizikia wa mionzi. Mimi huchagua mkao anaoumudu.

Hatua ya 3. Fuata mistari ya leza, weka alama tatu: kifuani moja, na moja kila ubavu. Bandika vishanga vya chuma juu yake ili zionekane kwenye picha.

Hatua ya 4. Pumzi. Usimwambie aibane! Uvimbe ulio karibu na kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) unaweza kupanda na kushuka zaidi ya sentimita 1, na picha ya pumzi iliyobanwa itauficha mwendo huo. Kwenye CT ya 4D (inayonasa pia mwendo wa pumzi), weka kiboksi juu ya tumbo. Kamera hukifuatilia, wimbi linatokea kwenye skrini, kisha programu inagawa pumzi katika mafungu, kwa kawaida 10. Mwambie, "Baba, pumua kama umekaa barazani kwako." Wimbi likivurugika, simamisha, zungumza naye, anza upya. Pasipo 4D, ongeza picha mbili: mwisho wa kuvuta pumzi na mwisho wa kuitoa.

Hatua ya 5. Piga kuanzia chini ya kidevu hadi chini ya ini, vipande visizidi milimita 3. Mapafu yote yaingie. Mpangaji wa mionzi hukokotoa asilimia ya mapafu inayopata Gy 20 (grei, kipimo cha mionzi) au zaidi, ambayo kwa kawaida haitakiwi kuvuka 35. Ukikata ncha ya chini, hesabu yote imeharibika.

Hatua ya 6. Kama PET (picha inayoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi) ipo, ioanishe na CT. Pafu lililosinyaa na uvimbe hufanana mno kwenye CT; PET husaidia kuvitenganisha.

Kabla hajashuka, piga picha ya mkao na uandike vifaa vyote ulivyotumia. Kisha mshushe mikono taratibu, mmoja mmoja, kwani mabega yatakuwa yameganda.