Namna ya Kujiandaa kwa Shahada ya Uzamili katika Ubunifu wa Mitindo na Mavazi ya Ndani

Sidiria ya kawaida yenye waya hushonwa kwa vipande zaidi ya 20, na nyingine hupita 40 ukihesabu vikombe, bitana, waya, ala ya waya, lastiki, pete, vibano vya kurekebishia kamba na kulabu za mgongoni. Kikombe cha vipande vitatu kina mishono miwili, na kila mshono una pande mbili. Fundi akishona milimita 1 tu ndani zaidi ya inavyotakiwa kwa kila upande, upana wa kikombe umepungua milimita 4. Katika mfumo wa vipimo ambao kila herufi ya kikombe huongeza inchi 1 ya mzunguko wa kifua, yaani takribani milimita 13 kwa kila titi, kosa hilo dogo limekula karibu theluthi ya saizi nzima. Anayetaka kusomea mavazi haya katika ngazi ya uzamili hana budi kuelewa tangu mwanzo kwamba anaingia katika fani inayodai usahihi wa namna hiyo, na kwamba maandalizi yake yatapimwa kwa kazi ya mikono yake na kwa swali analolibeba zaidi kuliko kwa michoro mizuri.

Anza na swali, kisha utafute chuo

Waombaji wengi hufanya kinyume: huchagua chuo chenye jina, halafu hutafuta la kuandika. Shahada ya uzamili si marudio ya shahada ya kwanza. Unatarajiwa kuja na tatizo la kuchunguza, na mwalimu atakayesoma maombi yako anataka kuona kama tatizo hilo ni lako kweli na kama linaweza kushughulikiwa ndani ya muda wa masomo.

Historia ya mavazi haya yenyewe inaonyesha njia. Mwaka 1914 Mary Phelps Jacob alipewa hataza nchini Marekani kwa vazi la kifuani ambalo alilianzisha kwa leso mbili na utepe, kwa sababu mifupa ya koseti yake ilikuwa ikijitokeza chini ya gauni jepesi la jioni. Mwaka 1977, Lisa Lindahl, Hinda Miller na Polly Smith walitengeneza sidiria ya kwanza ya michezo, iliyojulikana kama Jogbra, kwa kuunganisha mavazi mawili ya kiume ya kulinda sehemu za siri michezoni, kwa kuwa Lindahl alichoka kukimbia kwa maumivu. Katika visa vyote viwili, ubunifu ulitokana na usumbufu wa mwili fulani katika shughuli fulani.

Swali lako nalo liwe hivyo. Mwombaji akiandika kwamba anataka kubuni nguo za ndani nzuri na za starehe kwa wanawake wote, hajasema kitu. Akiuliza kwamba kufungia sidiria kwa mbele badala ya nyuma kunabadilishaje mgawanyo wa mzigo kwenye mkanda wa kifuani kwa mwanamke mwenye baridi yabisi ya vidole, tayari ana mtumiaji, ana kipande cha nguo cha kuchunguza na ana jambo la kupima. Maswali ya aina hii yapo mengi: mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani anahitaji mfuko wa ndani wa kushikilia titi bandia na mishono iliyohamishwa mbali na kovu, mama anayenyonyesha hubadilika ukubwa ndani ya siku moja, mtu anayeketi kwenye kiti cha magurudumu kutwa nzima huumizwa na mshono wa chupi ambao mwenye kusimama hausikii. Chagua moja ambalo una njia ya kulifikia, ambalo watu wake wapo karibu nawe na wako tayari kuzungumza nawe.

Kuchagua programu

Hapa pana jambo ambalo huwapotezea watu muda mwingi. Kozi zinazobeba jina la mavazi ya ndani mara nyingi ziko katika ngazi ya shahada ya kwanza. De Montfort University, mjini Leicester nchini Uingereza, imekuwa ikifundisha fani hii tangu mwaka 1947. Fashion Institute of Technology ya New York ina mkondo wake ndani ya shahada ya ubunifu wa mitindo. Na Hong Kong Polytechnic University imejenga utaalamu mkubwa katika eneo hilohilo. Ukitafuta jina hilohilo katika ngazi ya uzamili utapata programu chache, na ukikata tamaa hapo utakuwa umekosea. Njia ya kawaida ni kuingia katika shahada ya uzamili ya ubunifu wa mitindo, ya teknolojia ya mavazi au ya uhandisi wa nguo, kisha kuelekeza mradi wako kwenye mavazi ya ndani chini ya msimamizi anayeyajua.

Kwa hiyo tazama watu na vifaa kabla ya kutazama jina la kozi. Soma orodha ya walimu na kazi walizochapisha. Uliza kama karakana ina cherehani za zigizagi, za zigizagi ya hatua tatu, za ovaloki na za kufunika mshono, kama kuna sanamu za kifua zenye ulaini unaokaribia mwili wa mtu, na kama kuna maabara ya kupima mvutiko wa vitambaa. Chuo kinachofundisha magauni pekee kinaweza kuwa bora sana na bado kikakosa hata waya wa sidiria stoo.

Anayevutiwa zaidi na upande wa sayansi ana milango mingine. University of Portsmouth nchini Uingereza ina kikundi cha utafiti wa afya ya matiti kinachochunguza jinsi titi linavyosogea mtu anapokimbia, na University of Wollongong nchini Australia nayo ina watafiti wa eneo hilo. Titi halina msuli ndani yake. Hushikiliwa na ngozi na kano nyembamba, na katika kukimbia husogea juu na chini, kulia na kushoto, mbele na nyuma kwa pamoja. Kubuni sidiria ya michezo bila kuelewa mwendo huo ni kubahatisha.

Kuhusu muda, shahada ya uzamili nchini Uingereza kwa kawaida huchukua mwaka 1 wa masomo ya muda wote na hubeba krediti 180, wakati ile ya sanaa nchini Marekani mara nyingi huchukua miaka 2 au zaidi. Mwaka 1 hupita haraka mno kwa mtu ambaye hajawahi kushona kikombe. Kama bado hujui, ni heri uchague programu ndefu au uahirishe maombi kwa mwaka mmoja ujifunze kwanza.

Jalada la kazi

Jalada, yaani mkusanyo wa kazi zako unaoambatana na maombi, ndilo linaloamua, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie.

Michoro iwepo, lakini iwe kitangulizi. Kinachotafutwa ni ushahidi kwamba wazo limevuka kutoka karatasini hadi mwilini na kwamba ulijifunza kitu njiani. Vipande vitatu au vinne vilivyofuatiliwa hadi mwisho vina uzito kuliko mitindo 20 iliyochorwa na kuachwa.

Kwa kila kipande, onyesha pateni yenyewe, yaani kiolezo cha kukatia kitambaa, ikiwa na mwelekeo wa uzi, ziada ya kitambaa iliyoachwa kwa ajili ya mshono na alama za kukutanishia. Onyesha nguo ya majaribio ya kwanza ikiwa na kasoro zake. Kisha eleza ulichokiona na ulichobadilisha. Mkanda ukipanda mgongoni, ni mlegevu, na kukaza kamba za mabega hakutausaidia, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya kubeba hufanywa na mkanda. Kipande cha katikati kinachounganisha vikombe kisipolala kwenye mfupa wa kifua, mara nyingi vikombe ni vidogo. Waya ukikalia titi badala ya kulizunguka, umbo la waya halilingani na kitako cha titi, yaani mahali titi linapoungana na kifua. Ukurasa unaoonyesha picha tatu za jaribio la kwanza, la pili na la tatu, kila moja ikiwa na maelezo mafupi ya milimita zilizoongezwa au kupunguzwa na mahali zilipoguswa, humwambia msomaji mengi kuliko picha ya jarida iliyopigwa kwa taa nzuri.

Onyesha pia kwamba unajua saizi hazisimami peke yake. Herufi ya kikombe haina maana bila namba ya mkanda: kikombe cha 34C kina ujazo uleule wa 36B na wa 32D. Ukibuni kwa saizi moja tu, eleza jinsi ungeipanua kwenda juu na kushuka chini, na useme ni wapi muundo wako ungevunjika. Sidiria inayokaa vizuri kwenye 34B haiwi sidiria ya 38G kwa kukuzwa tu. Waya, upana wa kamba, idadi ya kulabu na hata idadi ya vipande vya kikombe huhitaji kufikiriwa upya.

Vitambaa vipewe ukurasa wao. Tangu Joseph Shivers alipotengeneza spandeksi, nyuzi zinazovutika na kurudi, katika kampuni ya DuPont mwaka 1958, mavazi ya ndani yamekuwa hesabu ya mvutiko, na hesabu hiyo unaweza kuifanya mezani kwako kwa rula. Laza kitambaa bila kukivuta, weka alama mbili zilizoachana kwa sentimita 10, shika kwenye alama hizo, vuta polepole hadi kitambaa kikatae. Kikifika sentimita 15, mvutiko wake ni asilimia 50. Kishikilie hapo kwa dakika moja, kiachie, subiri kidogo, kisha pima tena. Ukikuta sentimita 10.5, kitambaa hakikurudi kikamilifu, na mkanda uliokatwa kwa kitambaa hicho utalegea baada ya kuvaliwa mara chache. Rudia kipimo kwa upande wa urefu na kwa upande wa upana, kwa sababu vitambaa vingi havivutiki sawa pande zote. Bandika kipande cha kila kitambaa pembeni ya matokeo yake. Ni kazi ya alasiri moja, na nimeona waombaji wachache mno wakiifanya.

Bado lipo suala la heshima ya mwili. Unapompima au kumpiga picha mtu akiwa na nguo za ndani, mtu huyo amekuamini kwa jambo kubwa. Mweleze kabla hajavua nguo ni vipimo gani utachukua na kwa nini, mpe nafasi ya kuwa na mwenzake chumbani, chukua ridhaa yake kwa maandishi, ficha uso wake, na usiwahi kutumia picha yake kwa kusudi ambalo hakulikubali. Andika ndani ya jalada jinsi ulivyofanya hivyo. Iwapo huna mtu aliye radhi, tumia sanamu ya mshonaji au mwili wako mwenyewe, nawe useme wazi.

Barua, wadhamini na fedha

Barua ya maelezo binafsi ianze na swali lako, si na utoto wako. Kumbukumbu ya kushona nguo za mwanasesere haina ubaya wowote, ila waombaji wengine wengi wanayo pia. Eleza tatizo, ulichokwishajaribu, ulichoshindwa, na kwa nini chuo hicho na msimamizi huyo ndio wanaoweza kukusogeza mbele. Mwandikie msimamizi mapema, kwa aya mbili au tatu, ukiambatisha kurasa chache za kazi. Wadhamini wako wachague kwa kigezo kimoja: wawe wamekuona ukifanya kazi. Mwalimu aliyekusimamia karakanani ataandika barua yenye mifano. Mkuu asiyekujua ataandika sifa tupu.

Vyuo vinavyofundisha kwa Kiingereza vingi hudai cheti cha lugha, na alama 6.5 katika mtihani wa IELTS ni kiwango kinachotajwa mara kwa mara, kwa hiyo fanya mtihani mapema upate nafasi ya kuurudia. Kuhusu ufadhili, soma masharti kabla ya kujaza fomu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, hulipia shahada ya uzamili ya mwaka 1 nchini Uingereza kwa raia wa nchi zinazostahili, lakini humtaka mwombaji awe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, achague kozi tatu, na arudi kwao kwa angalau miaka 2 baada ya kuhitimu. Katika bajeti yako usisahau vifaa: lesi, lastiki na waya hununuliwa na mwanafunzi katika programu nyingi, na nguo moja hupitia majaribio mengi kabla ya kukamilika.

Usaili na wiki za mwanzo

Ukiitwa kwenye usaili, nenda na nguo yenyewe, hata kama usaili ni wa video, ili uweze kuigeuza ndani nje mbele ya kamera na kuonyesha mishono. Chukua pia ile iliyoharibika. Watakuuliza kwa nini ulichagua mshono huu na si ule, na jibu linaloanza na mtu aliyevaa na mahali alipoumia hueleweka mara moja.

Wakati unasubiri majibu, tafuta sidiria tano au sita za zamani za makampuni tofauti, uzifumue kwa kifumulio mshono kwa mshono, na ulaze kila kipande kwenye karatasi uchore mzingo wake. Andika mpangilio wa kushona kinyumenyume, kuanzia kipande kilichofumuliwa mwisho hadi kilichofumuliwa kwanza. Ukifika ya tatu utaanza kuona kwamba karibu zote zinafuata mantiki moja, na kwamba tofauti zinazofanya moja ikae vizuri kuliko nyingine ni za mzingo mdogo chini ya kwapa na za lastiki iliyovutwa zaidi au pungufu wakati wa kushonwa.

Na ukishapokelewa, jambo la kwanza la kushughulikia ni kibali cha maadili ya utafiti. Kamati hukutana kwa ratiba yake, huweza kurudisha maombi yafanyiwe marekebisho, na bila kibali hicho huruhusiwi kumpima mtu hata mmoja kwa ajili ya tasnifu yako.